Kutoka Stashahada Hadi Shahada: Pale Vijana Wetu Wanapokwama

Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu

 

Miaka iliyopita Kamati ya Elimu ikisimama hapa mlijua tunakuja na habari za madawati na mabati. Leo tunaomba mtusikilize kuhusu kundi la vijana ambao kwenye vikao vyetu hawatajwi kabisa. Ni wale waliomaliza vyuo vya kati, wana stashahada mkononi, wamechaguliwa kujiunga na chuo kikuu, halafu hawaendi.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtoto aliyepangiwa kidato cha tano anachinjiwa kuku, na kuku wa Singida sote tunajua thamani yake. Anayekwenda chuo cha uuguzi, cha mifugo au cha uhasibu, tunasema, "Basi, angalau." Hiyo "angalau" inamfuata miaka mitatu. Akifika mwisho na kusema anataka kuendelea na shahada, mjomba anauliza, "Si umeshamaliza?" Hajamaliza. Amefika njia panda, na kwa utaratibu wa nchi yetu njia ya chuo kikuu iko wazi kwake kama ilivyo kwa aliyetoka kidato cha sita. Tofauti ni kwamba yule wa kidato cha sita ana walimu na wenzake darasa zima wanaokumbushana tarehe, na huyu wa kwetu mara nyingi yuko peke yake kijijini, na simu yenye kifurushi cha siku moja.

Kwa wazazi ambao hawajapita huko, utaratibu ni huu. Kijana mwenye ufaulu wa angalau masomo manne kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza chuo cha kati kwenye ngazi ya NTA 4. Akifaulu anapanda NTA 5, kisha NTA 6 ambayo ndiyo stashahada. Ngazi hizi zinasimamiwa na NACTVET, ambayo hadi 2021 tuliizoea kwa jina la NACTE. Vyuo vikuu viko chini ya TCU. Kijana wetu anatakiwa kuvuka kutoka mikono ya mmoja kwenda mikono ya mwingine, na hapo katikati ndipo anapodondoka.

Sharti la kwanza ni GPA. Kwa shahada nyingi TCU inataka mwenye stashahada awe na GPA isiyopungua 3.0, yaani wastani wa B, pamoja na ule ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Fani nyingine zinadai zaidi. Anayetoka utabibu na kutaka kusomea udaktari atarudishwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne kuonyesha fizikia, kemia, biolojia na hisabati. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu vijana wengi wanalijua wakiwa mwaka wa tatu, wakati alama za mwanzo haziwezi tena kubadilika. Mtoto aambiwe siku anayofunga begi kwenda chuoni: lengo siyo kupita tu. Mwenye 2.9 na mwenye 3.0 wote wana stashahada halali na wote wanaweza kuajiriwa, lakini dirisha la maombi linamfungukia mmoja tu.

Aliyekwisha kupata chini ya hapo asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya mwaka mmoja inayompokea mwenye stashahada ya GPA ya angalau 2.0. Akiifaulu kwa kiwango kinachotakiwa anaomba shahada kama wengine. Kituo cha Chuo Kikuu Huria cha mkoa kipo hapa hapa Singida, na bado kuna vijana wetu wanaokaa nyumbani miaka miwili wakiamini mambo yameisha.

Sharti la pili linaonekana dogo, na limeangusha wengi kuliko GPA. Kabla ya kuomba chuo kikuu, mwenye stashahada lazima apate kutoka NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo yake, ile wanayoiita AVN. Namba hiyo haitoki mpaka chuo kiwe kimepeleka matokeo na majina yalingane. Majina, ndugu zangu! Kwetu mtoto anaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, sekondari anatumia jina la baba, na cheti cha kuzaliwa kinatafutwa akiwa na miaka 18, kikiwa na jina la tatu ambalo hata mama yake halitambui. Mwaka juzi tulimsaidia binti mmoja wa Ikungi mwenye stashahada ya uuguzi. Ufaulu wake ulikuwa mzuri kabisa. Herufi moja ilizidi kwenye jina la ukoo. Alipanda na kushuka mabasi kati ya kijijini na mjini, akaapa kwa wakili, akapeleka karatasi chuoni kwake, akasubiri. Namba ilipopatikana awamu ya kwanza ya maombi ilikuwa imefungwa. Aliingia awamu iliyofuata, na fani aliyoitaka ilikuwa imejaa. Leo anasoma fani nyingine ya afya, na anaendelea vizuri, lakini hakuichagua yeye. Ilichaguliwa na herufi moja.

Halafu kuna mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, haiwabagui wenye stashahada, nao wanaomba kama wa kidato cha sita. Ila fomu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi. Ni wangapi kati yetu tumekwenda kuchukua cheti cha kifo cha ndugu aliyezikwa kijijini? Msiba ukiisha tunagawana sufuria, cheti hatukikumbuki. Miaka kumi baadaye mtoto aliyeachwa anaambiwa athibitishe kwamba baba yake hayupo. Tunawaomba watendaji wa kata na vijiji mlioko hapa mtusaidie kwenye hili, na wanafamilia tuyamalize mambo haya mapema.

Tuseme na lile linalotuuma. Tangu 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna ada, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Tunashukuru kwa dhati. Lakini mtoto wa chuo cha kati mzazi wake analipa tangu siku ya kwanza. Mikopo ya ngazi ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa fani zilizopewa kipaumbele. Kwa hiyo yule aliyetoka shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, akapata alama za kumpeleka chuo cha kati, ndiye familia yake inalipa miaka mitatu mfululizo. Anapofika mlango wa chuo kikuu zizi limeshakwisha. Wanaosema watoto hawa hawana bidii wamekosea kusoma hesabu za nyumba hizo.

Na hesabu zenyewe zina msimu. Sisi tuna mvua moja kwa mwaka. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, inauzwa, na ikifika Oktoba au Novemba vyuo vikuu vinapofungua, fedha imekwenda na mkulima anatafuta mbegu. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, wapo waliobaki na magunia ndani wakisubiri bei ipande huku barua ya udahili ya mtoto ikiisha muda. Baba ana mali lakini hana fedha, na chuo hakipokei magunia.

Tumefanya hesabu ya siku za mwanzo. Ada ya shahada nyingi kwenye vyuo vikuu vya umma inazunguka kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Chukua ile ya chini na ulipe nusu: 500,000. Bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Ada ya TCU ya uhakiki wa ubora 20,000. Chakula na malazi kwa siku 30 mpaka bumu litoke, tukitumia kiwango cha Bodi yenyewe cha 10,000 kwa siku, ni 300,000. Jumla 870,400, bila nauli. Mwenye mkopo kamili ataona sehemu ya fedha hiyo ikirudi. Mwenye mkopo nusu hataona. Wote wawili wanaihitaji siku ileile ya kuripoti.

Kuna wengine tusiowafikiria: walioajiriwa. Mwalimu wa stashahada Mkalama, muuguzi wa zahanati Manyoni. Hao Bodi haiwakopeshi kwa sababu wana ajira, na wakiondoka bila ruhusa ya masomo ya mwajiri wanahesabiwa watoro kazini. Kwa hao ushauri wetu ni uleule wa Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu kilipoanza kupokea wanafunzi miaka ya 1990 kimewawezesha walimu wengi nchini kusoma bila kuacha chaki. Ni njia ndefu na inachosha, lakini mshahara haukatiki.

Vijana wametuuliza kwa nini wakifika chuo kikuu wanaanzishwa mwaka wa kwanza. Muuguzi aliyesoma miaka mitatu anaanza upya miaka minne, jumla saba. Ni swali la haki. Marekani kuna vyuo vya jamii vya miaka miwili, na mtu akimaliza anaweza kuingia chuo kikuu akiwa mwaka wa tatu. Jimbo la California liliuweka mpango huo rasmi mwaka 1960. Hata huko wanafunzi hulalamika kwamba baadhi ya masomo yao hayatambuliwi wanapohama. Kwetu kinachokaribia hapo ni kubaki kwenye taasisi moja inayofundisha ngazi zote. TIA ni mfano wa karibu, ina kampasi hapa Singida na inafundisha kuanzia astashahada hadi shahada. Mzazi mwenye mtoto anayependa uhasibu au ununuzi alifikirie hilo kabla ya kumpeleka mbali. Kwa kilimo na mifugo, aliyetoka vyuo vya wizara kama LITA anaelekea SUA Morogoro. Kwa mengi mengine Dodoma ni jirani, na UDOM haina umri mkubwa, ilianza 2007, ila imekwisha kupokea vijana wetu wengi.

Mtakayoyasikia wakifika huko ni kwamba hisabati ya mwaka wa kwanza inawatesa, kwa kuwa wenzao wameisoma miaka miwili kidato cha tano na sita. Ni kweli. Lakini ikifika zamu ya kushika sindano au kufunga hesabu za mwezi, wenzao ndio wanaowafuata kuuliza. Waliopo vyuoni sasa wamekubali kuwasaidia wanaoingia, na majina yao tunayo.

Sasa ombi. Tunataka mwaka huu umoja uanzishe mfuko mdogo wa kuwavusha wenye stashahada tu. Hautatoa zawadi. Utakopesha bila riba fedha za siku za mwanzo, zirejeshwe kidogo kidogo, ili anayekuja nyuma naye azikute. Tunaomba kila mwanachama 5,000 kwa mwezi, sawa na 60,000 kwa mwaka. Tukiwa 100 tu tunafikisha 6,000,000. Kwa hesabu ile ya 870,400 wanafunzi sita wanaripoti chuoni, na inabaki 777,600 ya nauli na ya kuwalipia wenye shida za vyeti. Wajumbe wawili watabishana nasi kwamba sita ni wachache. Tunakubali, na ndiyo sababu tunaomba muwe zaidi ya 100.

Asiye na fedha tunaomba siku zake. Kuanzia Juni tunahitaji watu wenye kompyuta watakaokaa hapa mjini kila Jumamosi kukagua majina, kusaidia maombi ya AVN na ya RITA, na kuwakumbusha vijana tarehe za madirisha. Mwenye ofisi inayoweza kupokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, iwe Dar es Salaam au Iramba, naye atuandikie.

Fomu za ahadi ziko meza ya mweka hazina, kushoto kwa mlango mnapotoka kwenda kula. Orodha ya vijana wanaosubiri kuvuka mwaka huu iko kwa katibu wa kamati, na mzazi ambaye mtoto wake hayumo aandikishe jina leo, kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne.