Kuvaa na Kubeba Katika Safari ya Baiskeli hadi Mombasa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya safari ya baiskeli ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, hasa juu ya mavazi na mizigo. Sisi si mabingwa wa mbio. Tu watu wa reli, wengine wa karakana na wengine wa njia, na elimu yetu wengi ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini barabara hii tumeipita mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2023, na makosa karibu yote yawezayo kufanywa tumekwisha kuyafanya. Afadhali mjifunze kwa makosa yetu kuliko kuyarudia.

Kwanza tukumbushane kwa nini twaenda. Mwenzetu alipofariki aliacha mjane na watoto watatu, wawili wakiwa sekondari. Kila mpanda baiskeli alitafuta wadhamini wake, nao wakaahidi kulipa kwa kila kilomita atakayokwenda. Hakuna kilomita, hakuna fedha. Mwaka 2022 tulitoka watu kumi na mmoja, tukafika wanane. Mmoja alibaki Emali, kama kilomita 125 kutoka Nairobi. Wa pili Kibwezi, kama kilomita 200. Wa tatu Mtito Andei, kama kilomita 235. Safari nzima ni kama kilomita 480. Pigeni hesabu wenyewe: kilomita 355, na 280, na 245, jumla ni 880 ambazo hazikwenda mtu. Kila mmoja wao alikuwa ameahidiwa shilingi 20 kwa kilomita. Basi tulipoteza shilingi 17,600, nazo zingeweza kumweka mtoto mmoja darasani muhula mzima.

Na hao watatu hawakuwa wadhaifu wa miguu. Wa Emali alishindwa na suruali. Wa Kibwezi alishindwa na mzigo. Wa Mtito Andei alishindwa na kiu. Ndiyo sababu tunasimama mbele yenu leo.

MAVAZI

Ndugu yetu wa Emali alivaa suruali ya jinzi, mpya, ya kupendeza. Jinzi ina mishono minene hapo hapo mtu anapokalia. Ikiloa jasho haikauki upesi, na ule mshono hufanya kazi kama msumeno. Alificha maumivu kwa haya mpaka usiku, na asubuhi hakuweza kukaa juu ya kiti cha baiskeli. Msimcheke. Jambo hili humpata mtu yeyote.

Kwa hiyo tafuteni kaptula ya baiskeli yenye sponji ndani. Si lazima iwe mpya. Katika mitumba ya Gikomba huonekana mara kwa mara. Huvaliwa bila chupi, kwa sababu chupi nayo ina mishono. Asiyependa kuonekana hivyo na avae kaptula pana juu yake. Dada zetu wafanye vivyo hivyo, ila sketi pana isivaliwe, maana huingia katika spoki. Kabla ya kutoka jipakeni mafuta mazito ya mgando mapajani na pote panaposuguana. Jioni fueni kaptula ile ile kwa sabuni na kuianika. Chukueni mbili ili moja ikauke.

Shati liwe jepesi, la mikono mirefu, la rangi nyeupe au ya kung'aa. Jua la Makueni na la Tsavo huchoma mikono hata ngozi ikabanduka. Asubuhi mtakapotoka Nairobi, mahali palipo zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, baridi ya uwanda wa Athi itawauma kifuani. Lakini msinunue koti zito kwa saa mbili tu. Wekeni gazeti chini ya shati. Litazuia upepo, na jua likipanda mtalitoa.

Kichwani ni kofia ngumu ya baiskeli, yenye ukanda wa kufunga kidevuni. Tuliona mmoja amekuja na kofia ya karakana. Kofia ile ni ya kukinga kitu kiangukacho kutoka juu. Mtu akianguka yeye mwenyewe, yaweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Miwani nayo si ya kujivuna, ni ya kuzuia vumbi na kokoto za malori. Glavu huokoa viganja, kwa kuwa siku ya pili vidole hufa ganzi. Viatu viwe vya soli ngumu, na kamba zake mzichomeke ndani zisije zikanaswa na mnyororo.

Halafu kizibao kile king'aacho, ambacho sisi wa reli tunakijua sana. Kivaeni tangu alfajiri hata jioni. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa usiku kucha ana usingizi machoni, na ni lazima akuone kutoka mbali.

MAJI NA CHAKULA

Ndugu yetu wa Mtito Andei alibeba chupa moja ndogo, akasema atanunua soda njiani. Mchana kichwa kilimwuma, misuli ikakaza, akatapika. Alirudi Nairobi kwa basi, na tunashukuru kwamba alirudi mzima.

Kwenye joto mtu huhitaji nusu lita ya maji kwa saa, na wengine hata lita nzima. Kutoka Mtito Andei mpaka Voi ni kama kilomita 95, barabara ikipita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na maduka ni haba. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni zaidi ya saa sita. Basi siku hiyo kila mtu abebe lita nne asipungukiwe. Ndiyo, ni kilo nne. Hizo ndizo kilo ambazo hatutaki mzipunguze.

Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa kuwa jasho huondoa chumvi. Lita moja ya maji safi tieni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kulundika. Kunyweni kidogo kidogo kabla ya kiu. Vivyo hivyo chakula: ndizi, njugu, viazi vitamu vya kuchemsha, sukari guru. Anayengoja njaa imwume amekwisha kuchelewa.

Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na Masingasinga waliofanya kazi ya reli ndio walioanzisha ibada mahali pale. Hata leo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila. Lakini huvua viatu na kufunika kichwa. Kwa hiyo kila mmoja abebe kitambaa safi cha kichwa na suruali moja ya heshima. Si vizuri kuingia nyumba ya wenyewe na kaptula ya kubana, huku tukila chakula chao.

VYOMBO NA MZIGO

Sasa tufike Kibwezi. Ndugu yetu yule alikuwa na baiskeli ile nzito iitwayo Black Mamba, nayo ni ngumu kweli. Akaitegemea mno. Nyuma alifunga sanduku lenye blanketi mbili, sufuria, redio na viatu vya kubadili, vyote upande mmoja. Sisi sote hapa tunajua behewa lililopakiwa upande mmoja hufanya nini kwenye kona. Alipoingia shimoni spoki tatu zilikatika na rimu ikapinda.

Na hapa kosa si lake peke yake, ni letu. Tulipofungua mifuko yetu kandokando ya barabara tulikuta pampu tano, na spoki hata moja hakuna. Katika pampu zile tano, nne hazikuingia katika vali za tyubu zake, maana vali ni za namna mbalimbali. Kila mtu alikuwa amefunga mzigo wake kwa siri nyumbani kwake, akijifikiria mwenyewe. Tulitoka kumi na mmoja, lakini mizigo yetu ilikuwa ya watu waliosafiri peke yao.

Mwaka 2023 tulifanya kama genge la njia lifanyavyo. Katika genge si kila mtu abebaye nyundo. Mmoja ana nyundo, mmoja spana, mmoja bendera, na wote hutembea pamoja. Kwa hiyo tuligawana hivi:

Kila mtu: tyubu moja ya baiskeli yake, taa ya mbele na ya nyuma, maji yake, kitambulisho, dawa zake ikiwa anatumia, simu na fedha kidogo ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani.

Kila watu watatu: pampu moja iliyojaribiwa katika vali za wote watatu, viraka, gundi, msasa, na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Miiba ya mgunga haihesabu siku.

Msafara mzima: spoki za kila ukubwa, spana za nati za magurudumu, kipande cha mnyororo, mafuta ya mashine, waya, kamba za mpira wa tyubu, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya tairi iliyopasuka, bandeji na dawa ya vidonda.

Mzigo wa mtu, mbali na maji, usizidi kilo tano. Upimwe kwa mizani, si kwa macho. Usibebwe mgongoni, maana mgongo hupata moto na mabega huchoka. Ufungwe chini kwenye keria, pande mbili sawasawa, usiyumbe lori lipitapo.

Wengine wameuliza kwa nini tusikodi gari la kufuata nyuma na mizigo. Twajibu: mafuta ya gari hilo yangetoka katika fedha za mjane. Hatukuomba watu wachangie petroli.

MWISHO

Mwaka 2023 tulitoka kumi na watatu, tukalala Emali, Mtito Andei na Voi, na siku ya nne tukaingia Mombasa kumi na watatu. Hatukuwa na nguvu kuliko mwaka uliotangulia. Pancha zilikuwako, upepo wa kusi ulitupiga usoni toka Voi, na mmoja wetu alitapika Maungu. Lakini maji yalikuwako, pampu iliingia, na aliyetapika alipewa ya chumvi na sukari na mwenzake aliyekuwa amebeba.

Mtoto mkubwa wa marehemu amekwisha kumaliza kidato cha nne. Wadogo zake bado wanasoma. Basi safari ya tatu ni ya lazima.

Gadi hapeperushi bendera ya kijani kabla ya breki kujaribiwa. Na sisi hatutamruhusu mtu kutoka kabla ya kukaguliwa. Jumamosi mbili kabla ya safari, baada ya kazi, leteni baiskeli na mizigo yenu yote hapa uwanjani. Tutafungua mifuko mbele ya wote, bila haya, na mizani itakuwapo. Ambaye redio yake itatolewa asikasirike. Ambaye hana kaptula au kofia aseme mapema, aazimwe. Wako waliopanda zamani ambao zao zimelala nyumbani.

Umoja ni nguvu.