Betri Ndogo Katika Chombo: Kupima Kwanza, Kusafiri Baadaye



Bei ya petroli inamwumiza kila mwenye chombo, na vijana wengi wameanza kujaribu mashine ndogo za umeme zinazotumia betri za lithiamu. Majaribio hayo yana faida. Lakini chombo kinachozimika majini hakina mahali pa kuegesha kama pikipiki, kwa hivyo hesabu yafaa ifanywe pwani kabla ya kamba kufunguliwa.

Betri inayofaa zaidi kwa kazi hii ni lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma. Haishiki moto kwa urahisi kama lithiamu za simu na kompyuta. Ile ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina uzito wa takriban kilo 12, ilhali betri ya risasi ya ukubwa huo hukaribia kilo 30. Betri ya risasi huharibika upesi ikitumiwa kupita nusu mara kwa mara. Hii ya lithiamu inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila taabu.

Volti zikizidishwa kwa ampea-saa, hupatikana wati-saa. Volti 12.8 mara 100 ni wati-saa 1,280, na asilimia 80 yake ni takriban 1,000. Hiyo ndiyo akiba ya nahodha.

Tuseme mtumbwi mwepesi unakwenda kilomita 5 kwa saa, na mashine yake inakula wati 400. Kutoka Lamu hadi Shela ni karibu kilomita 3. Maji yakiwa yametulia, kwenda na kurudi ni saa moja na dakika 12, na betri hutoa wati-saa 480. Akiba inatosha na kubaki.

Sasa maji yaingie katika hesabu. Mkondo wa kilomita 3 kwa saa ukimkabili, mtumbwi ule husogea kilomita 2 tu kwa saa. Safari ya kwenda peke yake huchukua saa moja na nusu na kula wati-saa 600. Nahodha akikawia Shela hadi maji yageuke, akakabiliwa tena wakati wa kurudi, atahitaji wati-saa 600 nyingine. Jumla ni 1,200, na akiba yake ni 1,000. Mtu huyo aliondoka na betri iliyojaa, na bado hatafika nyumbani kwa mashine. Lakini akienda na maji na kurudi na maji, safari nzima itakula wati-saa 300 tu.

Ndiyo maana elimu ya wazee ya kujaa na kupwa, ya bamvua na maji mafu, haijapitwa na wakati. Mwenye mashine ya umeme anaihitaji kuliko mwenye petroli.

Haraka nayo ina gharama yake. Chombo kikitakiwa kwenda mara mbili ya mwendo wake, nguvu inayohitajika huongezeka takriban mara nane. Kwa hivyo betri moja ndogo haiwezi kuchukua nafasi ya injini ya petroli ya nguvu za farasi 15, ambayo ni karibu wati 11,000. Inafaa safari fupi za ndani, au kusaidia tanga upepo unapolala. Haifai kuvukia mkondo mkali wala kutoka nje ya mwamba.

Wanaotegemea sola nao wapige hesabu. Paneli ya wati 100, kwa saa 5 za jua kali, haizidi wati-saa 500. Betri iliyotumika hadi asilimia 80 itachukua zaidi ya siku mbili kujaa tena.

Kuhusu usalama, betri iwe na saketi ya kuilinda, na fyuzi ikae karibu na betri yenyewe, si karibu na mashine. Sanduku lake lisiingie maji na likae kivulini. Chaja iwe ya lithiamu ya aina hiyo hiyo. Betri iliyozama katika maji ya chumvi, iliyofura au iliyotobolewa isichajiwe tena. Zile zinazounganishwa kwa seli kuukuu za kompyuta zisiingizwe chomboni, wala betri yoyote isichajiwe chumbani watu wamelala. Ikitoa moshi, watu waondoke mara moja, kwani moshi huo ni sumu. Ikifa, isitupwe baharini wala jaani. Ipelekwe kwa wanaoruhusiwa kukusanya taka za kielektroniki.

Majaribio ya kwanza yafanywe karibu na pwani, mchana, chombo cha pili kikiwa karibu. Kila safari iandikwe: umbali, muda, hali ya maji na kiasi cha betri kilichobaki. Baada ya safari kumi, nahodha atakijua chombo chake kuliko muuzaji yeyote. Nusu ya akiba itengwe kwa kurudi na dharura. Na hata betri ikiwa mpya, kasia, tanga, nanga na jaketi za kuokolea zibaki chomboni.