Susu Anapoishiwa na Pumzi Mlimani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Machakos)

Wapendwa wa vikundi, nitasema kidogo tu, maana jua ni kali na matuta yanatungoja.

Huku kwetu njia nyingi ni za kupanda. Kwa hiyo mzee akianza kupumzika mara tatu kabla ya kufika kanisani, tunasema, "Aa, ni uzee." Pengine ni uzee kweli. Lakini akiishiwa na pumzi, akibanwa kifua au akizirai anapopanda, mpelekeni hospitali asikilizwe moyo.

Moyo una milango minne, madaktari huiita vali. Mmoja ndio hutoa damu kwenda mwilini. Kwa wazee wengine mlango huu hushika chokaa ukawa mgumu, ukafunguka kidogo tu, kama koki yenye kutu. Moyo husukuma mpaka unachoka. Hakuna kidonge wala mizizi ya kuufungua. Hali ikiwa mbaya na dalili zimeshaanza, wengi hawamalizi miaka mitatu. Na tafadhali, msimpe dawa ya presha ya jirani, inaweza kumwangusha.

Kuna upasuaji wa kifua wa kubadilisha vali, lakini mzee wa miaka 80 mwenye sukari na figo dhaifu huenda asiuvumilie. Mwaka 2002, huko Ufaransa, daktari Alain Cribier alipitisha vali mpya ndani ya mshipa wa paja mpaka moyoni, bila kupasua kifua. Nyingi za vali hizo hushonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Msicheke! Utafiti uliotangazwa 2010 uliwaangalia wagonjwa wasioweza kupasuliwa. Walioachiwa matibabu ya kawaida, nusu walikufa ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa vali hiyo, walikufa karibu 31 katika kila 100, na wengine walipata kiharusi.

Sasa harambee. Vali hiyo ni ghali mno. Nimeona familia ikiuza ng'ombe na shamba kabla hata ya kuujua ugonjwa. Kwanza apigwe picha ya moyo, ile ya eko. Halafu mwulizeni daktari: mlango umebana kiasi gani? Figo na mapafu yatastahimili? Akirudi atatembea, au atalala tu? SHA italipa kiasi gani? Na susu mwenyewe aulizwe. Mara nyingi kamati nzima tunakaa chini ya mti, yeye yuko jikoni, hata hajui tunamchangia nini.