Familia Zisizo na Makao Nakuru na Wajibu wa Serikali

Katika Bonde la Ufa la kati, familia isiyo na makao haionekani kwa urahisi. Mara nyingi imejibanza kwa jamaa mwenye watoto wake, au imepanga chumba cha ploti katika mitaa ya Kaptembwo au Rhonda mjini Nakuru, na kodi ikichelewa mlango hutiwa kufuli.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha zaidi ya watu 600,000 nchini, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka kambi. Mei 2008 ilianza Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa kila kaya, na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Fedha hizo hazikutosha kujenga, wala hazikumwondolea mtu hofu ya kurudi alikofurushwa, kama vile Molo au Kuresoi. Ndipo vikundi vikachanga, vikanunua vipande vya ardhi Pipeline, nje kidogo ya mji, na Mai Mahiu, na watoto wakakulia kwenye mahema. Baadaye serikali ilinunua mashamba, likiwemo Giwa, ili kuwapa makao mapya. Lakini misaada hiyo ilifuata zaidi orodha za kambini. Aliyepokewa na ndugu yake au aliyepanga chumba mjini alichukuliwa kana kwamba amekwisha kupata makao, ingawa hasara yake ilikuwa ileile. Hilo lilikuwa kosa zito.

Majanga mengine yamefuata: bwawa lililopasuka Solai Mei 2018, mafuriko ya Kamuchiri, Mai Mahiu, Aprili 2024, na maji ya Ziwa Naivasha kuingia mtaa wa Kihoto. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inawahusu hata wanaohamishwa na majanga ya aina hii.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo, na Kifungu cha 21 kinairuhusu serikali kuitimiza hatua kwa hatua. Ikidai haina fedha, Kifungu cha 20 kinaitaka ithibitishe. Haki ya mtoto ya kupata makao, chini ya Kifungu cha 53, haikuwekewa sharti hilo la hatua kwa hatua. Kwa hiyo familia yenye watoto ina dai lisilostahili kuahirishwa. Afrika Kusini, katika kesi ya Grootboom mwaka 2000, mahakama ya katiba iliamua kwamba mpango wa nyumba usiowajali wenye dhiki ya sasa hautoshi.

Mpango mkuu wa sasa ni nyumba za bei nafuu. Sheria ya 2024 inamkata mfanyakazi ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Nakuru ina mradi wa nyumba hizo huko Bondeni. Hata hivyo, kununua nyumba kunahitaji kipato cha uhakika, ambacho kibarua wa mashamba ya maua au muuza mboga hana. Anachokimudu ni kodi nafuu ya nyumba ya umma, kama zilivyokusudiwa nyumba za mitaa ya Flamingo na Kivumbini zilizojengwa zamani na baraza la mji. Kwa familia zilizofurushwa, kaunti inapaswa kuziandikisha mara tu janga linapotokea, pamoja na zile zilizokimbilia kwa jamaa, na sehemu ya ushuru wa nyumba itengwe kujenga nyumba za kupanga.