Kazi ya tovuti inaanza na karatasi ya mapatano

Maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao, Bunia



Wengi wenu mlitoka Djugu na Irumu mkaacha mashamba, ng'ombe na maduka. Tangu vita ilipoanza tena Djugu mwisho wa mwaka 2017, watoto wengi wamekuwa vijana wakiwa kambini. Kila tunapokaa nanyi, mzazi hutuuliza: "Mtoto wangu ataishi kwa nini bila shamba?" Leo tunaleta jibu moja kati ya mengi: kazi ya kujitegemea ya kutengeneza tovuti.

Tovuti ni kurasa ambazo mtu anafungua kwa simu au kompyuta. Hoteli inaonyesha vyumba vyake, shule inatangaza siku ya kuandikisha watoto, ushirika wa kahawa wa Mahagi unajulikana kwa wanunuzi wa mbali. Kuna mtu anayezitengeneza na kulipwa. Mtu huyo anaweza kuwa mtoto wako.

Lakini tusiwadanganye. Mwaka wetu wa kwanza tulikosea. Tulisaidia vijana sita wa jamii mbili ambazo hazikuwa zinaaminiana. Walitengeneza tovuti ya shule moja ya mjini. Walipatana kwa mdomo tu. Mwenye shule akaomba picha zibadilishwe, kisha maneno, kisha rangi, na mwishoni akakataa kulipa. Hapo minong'ono ikaanza. Wengine walisema, "Hakulipa kwa sababu ya kabila letu." Wengine walisema mwenzao aliyekwenda kuzungumza amekula pesa. Kwa majuma mawili hawakukaa kwenye benchi moja. Kazi tuliyoianzisha ili iwaunganishe ilikaribia kuwatenganisha.

Mzee mmoja wa kamati aliwaita wote, akauliza swali moja: "Karatasi ya mapatano iko wapi?" Haikuwepo. Kosa lilikuwa letu sisi washauri, kwa maana tulifundisha kompyuta na kusahau biashara. Yule kijana alionyesha ujumbe wote wa simu yake, wenzake wakaona hakuiba kitu. Pesa hatukuipata kamwe, lakini kikundi kilipona.

Tangu siku ile tunafuata njia hii:

Kwanza, kujifunza. Anza na HTML na CSS, kisha JavaScript. Mwanafunzi anaandika kurasa zake na kuzifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe bila intaneti. Anatafuta intaneti siku ya kuchukua masomo tu. Masomo ya freeCodeCamp ni ya bure, na maelezo ya MDN yanapatikana kwa Kifaransa. WordPress nayo ni programu ya bure. Hayo yote yanataka miezi mingi ya uvumilivu, si majuma.

Pili, kuanza karibu. Tengeneza kurasa mbili au tatu za mfano: za fundi cherehani, za parokia, za duka la dawa. Mteja haulizi diploma kwanza, anauliza, "Umefanya nini?"

Tatu, kuandikiana. Karatasi moja inatosha: idadi ya kurasa, bei, siku ya kumaliza, na mara ngapi mteja anaweza kuomba mabadiliko. Nusu ya pesa italipwa kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi. Malipo yapitie simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, ili kila mmoja wa kikundi aone ushahidi.

Nne, kuwa mwaminifu. Jina la tovuti, kama lile linaloishia na .cd, hulipiwa kila mwaka. Liandikishwe kwa jina la mteja, si la kijana. Anayemshika mteja kwa hila atampoteza pamoja na jirani zake.

Tano, kukua. Faida ya kudumu inatoka katika kutunza: kubadilisha habari, kuhifadhi nakala, kurekebisha kilichoharibika, kwa malipo madogo ya kila mwezi. Wateja watano wanaotunzwa vizuri ni afadhali kuliko ishirini waliokwenda. Msitegemee wateja wa mbali tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika inchi yetu karibu siku 20. Mwenye wateja mjini aliweza kwenda kwa miguu kuzungumza nao.

Ninyi viongozi, tunawaomba mambo matatu. Mkipata sehemu yenye umeme wa jua, wapeni vijana saa chache za kuchaji. Wasichana wawe na nafasi sawa, tena saa za mchana, ili warudi nyumbani salama. Na kikundi kikifanya mapatano, mmoja wenu awe shahidi wa karatasi ile. Sahihi ya mzee inaheshimiwa na pande zote mbili.

Wale vijana sita wangali wanagombana, lakini sasa ni juu ya rangi na ukubwa wa herufi. Wanagawana pesa mezani, mbele ya wote, na kila mmoja anatia sahihi kwenye daftari.