Mshahara wa Askari Si Sadaka

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme habari za askari waliopigana vita, malipo yao na malipo ya wajane wao. Najua wengine wataniuliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na mambo ya jeshi? Tunalo. Katika tawi hili wako wenye vijana wao katika Jeshi la Ulinzi, na wako ambao babu zao walikuwa Keya. Tena askari ni mtu wa mshahara kama sisi. Aliahidiwa kitu, akaenda, akafanya kazi aliyotumwa. Baada ya hapo kinachobaki ni hesabu tu. Lakini hesabu hiyo ina tabia ya kupotea njiani, na leo nataka tuangalie inapotelea wapi.

Nianze na Kariakor. Watu wa Nairobi wote wanalijua soko lile, lakini si wote wanaojua kwamba jina lake limetokana na jeshi la wapagazi, Carrier Corps, la vita vya 1914 hadi 1918. Wanaume zaidi ya 150,000 walitolewa katika nchi hii, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi mpaka ndani ya Tanganyika. Serikali yenyewe ilihesabu kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walipita 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali kuhara, homa na njaa.

Sasa sikilizeni. Kila mpagazi alikuwa na mshahara wake uliokuwa ukiandikwa. Alipokufa, mshahara ule ulikuwa wa mkewe na watoto wake. Lakini majina mengi yaliandikwa vibaya, na vijiji vilevile, na jamaa hawakupatikana, basi fedha zikabaki kwa Serikali. Bwana Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa wapagazi hao, aliandika barua miaka mingi akitaka fedha hizo zilipwe. Katika miaka ya 1930 London ilikataa kabisa. Nami huwa nashangaa jambo moja: Serikali hiyohiyo, mara vita vilipokwisha, iliweza kumvika kila mwanamume Mwafrika kipande shingoni chenye alama za vidole vyake. Akitafutwa kwa kutoroka kazi kwa bwana wake, alipatikana. Akitafutwa mjane wake apewe fedha, hakupatikana!

Wala msidhani kwamba hawakujua namna ya kumtunza mtu aliyetoka vitani. Mwaka 1919 askari Wazungu walipewa mashamba zaidi ya 1,000 katika nchi hii, wakayapigia bahati nasibu katika jumba la Theatre Royal pale Nairobi. Mashamba mengine yalikatwa katika ardhi ya Wanandi, ambao nao walikuwa wametoa watu wao kwenda vitani. Njia ya kuwatunza askari ilikuwapo, ila mlango wake ulikuwa wa watu wa rangi moja.

Vita vya pili vilipokuja, wakaenda tena. Watu wa Kenya karibu 98,000 waliingia jeshini. Walipigana Habeshi mwaka 1941, Madagaska 1942, kisha misitu ya Burma 1944. Hapa pana karatasi ambayo kila mwanachama angefaa kuijua. Mwaka 2019 waandishi wa magazeti walifichua hesabu za kiinua mgongo cha vita. Askari wa daraja la chini, Mzungu aliyekaa katika makoloni ya Afrika, aliandikiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mwafrika wa daraja lilelile, shilingi 3 na nusu. Pigeni hesabu ya miaka minne: mmoja anarudi nyumbani na shilingi 480, mwingine 168. Mvua ya Burma iliwanyeshea wote sawasawa.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Waruhiu Itote. Baada ya Burma alipata kazi ya kutia makaa katika injini, yaani alikuwa mtu wa kazi yetu, na baadaye akaingia msituni akaitwa Jenerali China. Sisemi kwamba kila askari aliyepunjwa aliingia msituni. Nasema mtu aliyeona hesabu ile hakuwa na sababu ya kuamini hesabu nyingine.

Bibi yangu alikuwa mjane wa Keya. Babu alipokufa aliacha sanduku, na ndani yake nishani ya nyota ya Burma na kitabu cha kuachishwa jeshi. Kitabu kililiwa na mchwa, nishani ikabaki. Bibi akaifunga katika leso akaenda nayo ofisi fulani kuomba msaada wa wajane. Karani akaigeuza, akasema, "Mama, hii haina jina wala namba." Ni kweli. Nishani za vita vya kwanza zilichapwa jina na namba ya askari pembeni, lakini hizi za vita vya pili Uingereza ilizitoa tupu. Bibi alirudi mara tatu. Aliweza kutaja jina la mumewe, mwaka aliotoka, hata jina la mto aliokuwa akiusimulia, ila namba hakuwa nayo. Hakupata kitu mpaka alipofariki.

Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio katika umaskini, ili wapate milo miwili kwa siku. Nashukuru kwa kila sahani iliyofika kwa mzee mwenye njaa. Lakini tazameni lililotendeka hapo katikati: deni halikulipwa kwa wakati wake, mwenye deni akazeeka, na sasa anapewa uji na kuambiwa aseme asante. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita nayo ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina yao mahali popote. Nendeni mkatazame sanamu zile tatu za Kenyatta Avenue. Hamtaona hata jina moja la mtu.

Penginepo walidai kwa umoja. Accra, tarehe 28 Februari 1948, askari wa zamani walishika njia bila silaha, kumpelekea Gavana barua ya madai yao. Polisi wakapiga risasi, wakafa watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Odartey Lamptey. Mji ukawaka moto, na miaka tisa baadaye nchi ile ilikuwa huru. Watatu hao majina yao yanajulikana mpaka leo kwa sababu walikuwa na chama kilichowaandika.

Sasa nirudi kwetu. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamepigana Somalia, na baada ya El Adde, Januari 2016, nyumba nyingi ziliingia katika kilio. Siku hizi sheria ya malipo ya uzeeni na ya warithi ipo, wala haitazami rangi. Lakini sheria haimjui mjane kwa sura. Inataka namba ya kazi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na jina lake liwe limeandikwa na marehemu mwenyewe alipokuwa hai. Wako wanaume (nacheka, lakini si jambo la kucheka) ambao mpaka leo wameandika jina la mama yao aliyekwisha kufa, kwa kuwa walijaza karatasi ile walipoajiriwa wakasahau. Ni hivyo kwa askari, ni hivyo kwa dreva wa treni na mtu wa njia.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Kila mwanachama ajaze karatasi moja: jina lake, namba yake ya kazi, mke au mume, watoto, na kama ana mtoto jeshini, namba ya mtoto huyo, iwapo mwenyewe amekubali. Nakala moja ikae nyumbani, mke aijue ilipo. Nyingine ikae katika sanduku la tawi, lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Katibu na mwingine kwa Mweka Hazina. Na mjane akija, tawi litoe mtu wa kufuatana naye ofisini, asiende peke yake na leso.

Bwana Mwenyekiti, naomba jambo hili lipigiwe kura sasa, kabla watu wa zamu ya usiku hawajaondoka.