Mizani Iliyofichika Ndani ya Sikio

(Maneno ya hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)



Mada niliyopewa ni juu ya sikio. Sote twajua kwamba sikio ni la kusikia. Usiku huu nitaeleza kazi yake ya pili, ambayo mtu haitambui mpaka siku imponyokapo: kutusimamisha wima na kuyatuliza macho yetu.

Tuanze na jaribio dogo. Kila mmoja atazame kiganja chake, akitikise haraka kushoto na kulia, kichwa kikiwa kimetulia. Mistari ya kiganja yavurugika. Sasa kiganja kitulie, tikiseni kichwa kwa kasi ile ile. Mistari yaonekana vizuri! Mwendo ni mmoja. Mbona matokeo ni mawili?

Jibu limo katika sikio la ndani. Humo, ndani ya mfupa mgumu, kila sikio lina mirija mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, nayo imeelekea pande tatu mbalimbali ili mzunguko wowote wa kichwa ujulikane. Kichwa kigeukapo, majimaji hubaki nyuma kidogo, hukunja vinyweleo vidogo sana vya seli, na habari hupelekwa katika ubongo. Papo hapo macho huamrishwa kugeukia upande wa pili kwa kadiri ile ile. Haya yote huchukua kama sehemu 10 tu za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Jicho likifuata kiganja kwa kutazama tu huchelewa kama mara kumi zaidi, ndiyo maana mistari ilivurugika.

Aidha, pembeni mwa mirija hiyo mna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa vilivyokaa juu ya vinyweleo. Hivyo hutuarifu chini ni wapi. Tuinamapo katika rukuu na kushuka katika sijda, hata tukifumba macho, twajua kichwa kimeelekea wapi.

Ndugu zangu, mwenye kupoteza mizani hii hupatwa na nini? Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliandika habari zake mwenyewe katika jarida la tiba, bila kutaja jina lake kamili. Alikuwa amedungwa streptomaisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na iliyowaokoa wengi katika kifua kikuu. Dawa hiyo iliua mizani ya masikio yake yote mawili. Alipotaka kusoma kitandani, pigo la moyo wake peke yake lilitosha kuzirusha herufi, hata akalazimika kukibana kichwa chake baina ya vyuma viwili vya kitanda. Akitembea njiani, ilimbidi asimame ndipo asome maandishi ya vibao.

Hapa pana somo kwetu. Jentamaisini, dawa ya jamii ile ile, yatumika hadi leo, na huokoa watoto wachanga na wagonjwa mahututi. Basi daktari akiiandika, msiikatae. Lakini sindano si kitu cha kujinunulia dukani na kudungwa na yeyote. Hatari huzidi dawa inapotumika siku nyingi au figo zinapokuwa dhaifu. Mgonjwa akianza kuyumba au masikio kuvuma, amwambie daktari siku ile ile, kwani seli zile zikifa hazirudi kama zilivyokuwa.

Jambo la pili lawahusu wazee wetu. Mzee ageukapo kitandani au ainuapo uso juu, huenda akaona nyumba nzima yazunguka kwa muda usiofika dakika moja. Watu husema ni jini, au humnywesha dawa ya malaria. Mara nyingi ni vijiwe vile vimebanduka na kuingia katika mrija. Mtaalamu aweza kuvirudisha kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua, bila kisu wala sindano. Akiachwa bila tiba, mzee aweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Ila kizunguzungu cha ghafla kikifuatana na ulimi mzito, mkono kulegea au kuona vitu viwili viwili, huenda ni kiharusi. Akimbizwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Basi tukitoka hapa usiku huu, kila mmoja amwulize mzazi wake: Je, mama, je, baba, wasikia kizunguzungu? Wazee wengi huficha, wakidhani ni umri tu. Na mzee aombaye kiti ili asali, apewe bila kutazamwa vibaya.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hii tuliyopewa bila kuiomba. Amin.